Dazani Moja na Vitatu

Liwale,
12 Februari 2024

Dada Hyasinta,

Shikamoo dada. Mimi sijambo, kile kifua kilichonisumbua Krismasi kimepoa. Mvua huku imekuja kwa fujo, mahindi yamefika kiunoni na nyani nao wamefika, kwa hiyo kila jioni walimu tunapeana zamu ya kuwafukuza. Wa kwetu Ndanda wote wazima. Mama mdogo anauliza lini utawapelekea sura yako, maana ameanza kuisahau.

Nakuandikia barua kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua: mtandao wa huku unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya zahanati tu, na ukiupata usitikisike. Ya pili ni mwanangu Evarista. Mtoto wa darasa la kwanza anatakiwa aone watu wa nyumbani kwake wakisoma na kuandika. Barua hii msomee, na akishajua, akusomee yeye.

Tangu mama yake atutoke wewe ndiye uliyemlea, wala sijasahau. Lakini kulea ni jambo moja na kufundisha ni jingine. Umesema darasa lao lina watoto zaidi ya mia. Mwalimu mmoja atamwona nani? Kazi lazima ifanyike nyumbani, kila siku nusu saa, akiwa ameshiba na hajaanza kusinzia. Kusoma: kata makaratasi, andika ba, be, bi, bo, bu, ayachanganye aunde maneno mwenyewe. Kuandika: aanze na kidole mchangani, halafu chaki, penseli iwe mwisho, vidole vyake bado laini. Kuhesabu: atumie vitu vya kushika, vifungo unavyouza vinafaa sana. Ahesabu, afunge mafungu, kisha aandike kwanza mafungu mangapi, halafu vilivyobaki vingapi. Hapo ndipo penye msingi wa hesabu zote. Akipashika hapo, hasumbuki tena.

Nisikufiche, dada. Mimi ni mwalimu. Wangu akishindwa kusoma na kuhesabu, nitaweka wapi uso? Mwaka ukiisha hajui, nitamchukua nimfundishe mwenyewe huku. Najua utanuna.

Mdogo wako,
Mwalimu Ignasi


Ilala,
3 Machi 2024

Ignasi mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kifua kimepoa, sasa na kichwa nacho kipoe. "Mwalimu Ignasi"! Mimi niliyekubeba mgongoni mpaka kanga ikachanika, leo unanisainia ualimu? Haya, Mwalimu, tumekusikia.

Sisi tu wazima ila joto. Joto la mwaka huu acha kabisa, tunalala kama samaki wamebanikwa. Zulekha, yule jirani yangu wa meza pale Mtaa wa Tandamti anayeuza zipu, ameoza binti yake Jumamosi. Nimecheza mpaka kiatu kikaachia soli, nikamalizia peku.

Sasa mtoto. Unajua shida yangu na huyu mtoto ni hilo jina la marehemu mama ulilompa. Nikitaka kumkaripia naita "Evarista!" halafu nasikia kama namkaripia mama, nanywea mwenyewe. Basi nimebaki kumwita mama, na yeye anaitika kwa cheo.

Saa sita namfuata shule, tunatembea mpaka Kariakoo. Hiyo njia ndiyo kitabu chetu. Tunasoma kuta, tunasoma milango ya maduka, tunasoma migongo ya mikokoteni. Juzi pale kwenye kona kulikuwa na mzee ameelekea ukutani, ameshaanza kufungua zipu. Mama yetu akasimama nyuma yake akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi: "U-si-ko-jo-e ha-pa." Mzee wa watu alitoka mbio na suruali mkononi! Mtaa mzima ulicheka. Nikamwambia, umesoma vizuri mama, ila siku nyingine soma ukiwa mbali.

Kuandika, nampa chaki ya fundi na vipande vya kitambaa cheusi. Akishaandika herufi yake, napitisha uzi mwekundu juu yake, anafuata kwa kidole mpaka vidole vinaizoea. Jina lake lote ameshalimaliza, nimelitundika juu ya kitanda.

Na kuhesabu, Ignasi, hapo ndipo utakaponiamkia mara mbili. Umesema mafungu, tunafunga mafungu. Vifungo vikimwagika anavikusanya, anavifunga kwenye vifuko dazani kwa dazani kama biashara inavyotaka, halafu ananipa taarifa: "Shangazi, dazani moja na vitatu." Nakagua. Dazani moja na vitatu kweli! Hajakosea hata siku moja. Kisha anaandika kwa chaki, mafungu kwanza, vilivyobaki baadaye, kama ulivyoagiza. Mafundi cherehani wanaacha kuulizia bei wanamwangalia yeye. Nami najifanya sijali, kumbe kichwa kimevimba hivi.

Hayo mambo ya kumchukua sikuyasoma. Macho yangu siku hizi hayaoni mistari ya mwisho.

Dada yako,
Hyasinta


Liwale,
14 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Pasaka ilipita salama, tulichinja jogoo wa mkuu wa shule ambaye alikuwa anasumbua darasani. Jogoo, si mkuu.

Yule mzee wa ukutani nimewasomea walimu ofisini, wamecheka mpaka kengele ikachelewa kugongwa. Mmoja akasema, "Mtoto wa Ignasi tayari ni askari." Nimejisikia vizuri sana siku hiyo.

Mitihani ya nusu muhula imeshafanyika nchi nzima. Naomba karatasi yake ya hesabu, nione mwenyewe. Pia nimezungumza na mkuu wangu, amesema nafasi ya mtoto ipo hapa shuleni wakati wowote. Ukipita ofisini kwao ulizia fomu ya uhamisho, iwepo tu.

Ignasi


Ilala,
26 Mei 2024

Ignasi,

Marahaba. Barua yako imekaa njiani kama mgeni asiye na haraka. Barabara ya kusini ilipokatika kwa mvua, konda wa basi alizunguka nayo mpaka ikaota madoa. Lakini imefika.

Hapa nasi tumepata maji mpaka ndani. Nilibeba vifungo kichwani, mama yetu akabeba redio, tukakaa kwa Zulekha siku nne. Tumetoka salama, tumshukuru Mungu.

Mtoto anasoma. Nakwambia anasoma! Akinunuliwa andazi anasoma kwanza gazeti lilimofungiwa, andazi linapoa. Barua yako ameisoma mwenyewe mpaka kwa jogoo, akauliza kama jogoo alikuwa anasoma darasa la ngapi. Amenipangia maneno ya karatasi sakafu nzima, sina pa kukanyaga. Ameandika kitambaa kingine, "SHANGAZI", ile Z ikageuka nyuma, nimeishona hivyo hivyo ilivyogeuka kwa sababu ni yake.

Umeuliza mtihani. Mvua zilikuwa kubwa sana, mdogo wangu.

Hyasinta


Liwale,
16 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Leo sina habari nyingine.

Umeniandikia andazi, redio na jogoo, na kuhusu mtihani umeniandikia mvua. Nimefundisha miaka kumi na moja. Mzazi anayeficha karatasi namjua hata kwa hatua zake. Itume. Na hiyo fomu ya uhamisho ichukue kabisa, Desemba nakuja kumchukua mwanangu.

Ignasi


Ilala,
7 Julai 2024

Ignasi,

Marahaba.

Karatasi hiyo hapo ndani. Ilikuwa chini ya godoro tangu Machi. Kusoma kapata zote, kuandika vizuri, lakini hesabu ni hizo: mbili kati ya sita. Walipofunga muhula wa kwanza, ripoti nayo ikasema vile vile. Mwalimu wake ameandika kwa wino mwekundu: "Hajui kuhesabu zaidi ya kumi. Arudie darasa."

Anaitwa Nasma, binti mdogo tu, na ameniita shuleni mara tatu. Mara ya kwanza nilisema napokea mzigo. Ya pili nikasema naumwa. Ya tatu sikwenda tu. Unataka kujua kwa nini? Mimi niliishia la nne, unajua. Mbele ya mteja mbishi nasimama, mbele ya mgambo wa jiji nasimama. Lakini nikifika mlango wa ofisi ya walimu nageuza. Ningemwambia nini yule binti? Kwamba mtoto anahesabu vizuri mezani kwangu? Angeniona mama muongo wa sokoni.

Na siongopi, Ignasi! Naapa kwa jina la mama. Kila siku anahesabu mbele yangu na hakosei. Sasa usiku silali, nageuka huku na huku. Au na mimi ndiye sijui kuhesabu? Au nimemfundisha kitu cha ovyo, nikamharibia mtoto wako kwa kiherehere changu? Alinionyesha ile karatasi akaniuliza, "Shangazi, nimekosea wapi?"  Nikaichukua nikaisukuma chini ya godoro.

Kama nimemharibu, mchukue. Nimeandika neno hilo mara moja, sitaliandika tena. Nimelia, wala usinijibu chochote kuhusu hilo.

Hyasinta


Liwale,
28 Julai 2024

Dada yangu Hyasinta,

Shikamoo, na shikamoo tena! Salamu za wengine zikae pembeni leo.

Nimekaa na ile karatasi wiki nzima. Picha za vitu saba kaandika 7, sawa. Tisa kaandika 9, sawa. Kumi na tatu kaandika 11. Kumi na tano kaandika 13. Kumi na nane kaandika 16. Nikasema ni macho, anaruka vitu viwili kila mara, nikaanza kukuandikia umpeleke akapimwe. Lakini swali la mwisho, maembe ishirini na nne, kaandika 20. Hapo amepungukiwa vinne! Mtoto anayebahatisha hakosi kwa mpango namna hii. Nikaenda nayo shamba, nikarudi nayo. Nyani wamekula mihogo mbele yangu, mimi natazama karatasi.

Alhamisi nikatoa barua zako nizisome upya, nikidhani labda kuna kitu umenificha tena. Nikafika pale pa Machi: "Dazani moja na vitatu." Dada, nilipiga ukelele mpaka jirani akaja na panga.

Angalia. Kumi na tano ni dazani moja na vitatu. Fungu moja, vimebaki vitatu. Akaandika 1, akaandika 3. Kumi na nane ni dazani moja na sita: 1, halafu 6. Ishirini na nne ni dazani mbili, hakuna kilichobaki: 2, halafu 0. Hakukosa hata moja! Alifanya alichofundishwa, kwa usahihi mtupu, ila fungu lake lina kumi na mbili na la shule lina kumi.

Sasa nenda kwenye barua yangu ya Februari. Nitafute hapo kama nilikwambia fungu liwe na vingapi. Sikukwambia, najijua. Kwangu mimi fungu ni kumi tangu nizaliwe chuoni, sikuona haja ya kutaja. Ningewaambia wazazi wa hapa kijijini hivyo hivyo na wasingekosea, maana hawauzi vifungo. Kosa ni langu, dada, na umelilia wewe. Naomba unisamehe.

Sikiliza jingine. Mtoto wa miaka sita kubeba mafungu ya kumi na mbili kichwani na kuyaandika bila kuchanganyikiwa, hilo sijaliona katika miaka yangu kumi na moja. Wangu wa la tatu hapa hawaliwezi. Aliyemfundisha ni wewe.

Shule zimefunguliwa. Nenda kwa Mwalimu Nasma. Usiende kuomba radhi. Nenda na vifungo.

Mdogo wako,
Ignasi


Ilala,
25 Agosti 2024

Ignasi mdogo wangu,

Marahaba, marahaba, na ya tatu nakuongezea bure. Sisi wazima kupita kiasi. Zulekha amepata mjukuu, wa kiume, sauti yake inafika Msimbazi.

Nimekwenda. Nilivaa kitenge kile cha harusi, nikabeba mfuko wa vifungo vyekundu na barua yako ndani ya Biblia ili isikunjike. Pale mlangoni nikataka kugeuza tena. Mama yetu akanishika mkono akasema, "Shangazi, ni hapa, ingia tu, hawapigi watu wazima." Nikaingia.

Yule binti, Nasma, alidhani nimekuja kugombana, akakaa vizuri kwenye kiti. Nikampa barua asome. Alisoma, akaitazama karatasi, akaisoma tena. Hakuniamini, nilimwona. Akachota maharage kwenye kopo lake la kufundishia, akayamwaga mezani. "Evarista, hesabu." Yalikuwa thelathini. Mtoto akayapanga haraka haraka kama yuko mezani kwangu. "Dazani mbili na sita," akaandika 26. Mwalimu akauma mdomo. Akamwambia, "Sasa hapa shuleni dazani hatuna. Fungu letu lina kumi." Mama yetu akamtazama kwa huruma kabisa, unajua anavyotazama, akauliza, "Kumi tu? Mbona hamkusema?"

Akayapanga upya. "Mafungu matatu, hakuna kilichobaki." Akaandika 30. Halafu, Ignasi, bila kuulizwa, akasema, "Mwalimu, ni yale yale. Hayajaongezeka."

 Binti wa watu akasimama akaita mwalimu wa chumba cha pili, "Njoo uone!" Wakaja walimu wanne. Mtoto akawahesabia kwa dazani, akawahesabia kwa kumi, wakimpa hiki anageuza kile. Mimi nimesimama pembeni na mfuko wangu, nilitaka kulia nikajizuia, kitenge kile hakitaki machozi. Mwalimu Nasma akachukua ile kalamu nyekundu, akakata yale maneno ya kurudia darasa mbele yangu, akaandika jina lake pembeni. Kisha akaniambia, "Mama, nimefundisha mafungu kwa njiti za kibiriti muhula mzima, nusu ya darasa hawajashika. Wewe ulifanyaje?"

Nikamweleza. Kwanza kutenganisha vifungo: rangi, tundu mbili na tundu nne, vikubwa kwa vidogo, kufunga, kutamka, ndipo kuandika. Akasema, "Njoo Ijumaa uwaonyeshe."

Nilikwenda Ijumaa. Mara ya mwisho nilisimama mbele ya ubao nikiwa nachapwa. Safari hii nimesimama mbele ya watoto mia na kitu, kila mmoja na kiganja cha vifungo, tunafunga kumi, kumi tu, nimejikaza nisitaje dazani. Walipomaliza wakaimba, "A-san-te ma-ma!" Ijumaa iliyofuata nimekwenda tena. Hii iliyopita pia. Siku hizo Zulekha ananiangalizia meza.

Dada yako,
Hyasinta


Liwale,
15 Septemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Huku jua limeanza kuwaka, mikorosho imetoa maua, nami nimenenepa kwa kicheko. Barua yako imezunguka ofisi nzima. Mkuu wa shule ameomba kuinakili ile sehemu ya "Mbona hamkusema?" aibandike ukutani. Nilitembea siku hiyo kama niliyemzaa mtu mkubwa, na ndivyo ilivyo.

Sasa nikwambie nilichokuwa nakiruka. Ule mtihani mbaya nilikuwa nautafuta. Mwanangu namwona majuma mawili kwa mwaka, na kila nikija amekua bila mimi. Nilitaka niwe na sababu ambayo hata wewe usingeweza kuipinga. Sababu imekufa, lakini hamu ya mtoto iko pale pale, inanikaba jioni watoto wa watu wanapokimbilia kwao. Hili sikumwambia mtu.

Bado naiomba fomu ya uhamisho. Sijaamua. Nataka niishike mkononi nione mkono utasemaje.

Ignasi


Ilala,
13 Oktoba 2024

Ignasi,

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma peke yangu, mama yetu sikumpa, nikamdanganya kwamba baba ameandika mambo ya korosho.

Ungeniambia hivyo Februari, nisingekuona mnoko. Ni baba, nani atakulaumu?

Nimekuwekea fomu mbili. Moja ni ya uhamisho. Nyingine ni ya taarifa za mwanafunzi na mlezi, shule inataka kwa kila anayeingia la pili ijazwe upya kabla hawajafunga. Ukijaza hii, yupo hapa mwakani. Ukijaza ile, nitamfungia nguo zake na vitambaa vyake, na nitampandisha basi mwenyewe. Sitapiga kelele. Mimi sina mtoto mwingine, unajua, wala sitakuwa naye. Lakini nimekaa naye miaka mitano nikiwa na furaha kila siku, na hiyo hainitoki hata akipanda basi. Sikuchagulii.

Nilimuuliza yeye kijuujuu anataka kukaa wapi. Akasema, "Baba afungashe aje. Meza ni kubwa." Mama yetu hana msaada, ameshaamua upande wake.

Hyasinta


Liwale,
10 Novemba 2024

Dada,

Shikamoo. Sijambo.

Fomu moja imo humu. Ile nyingine nilikaa nayo siku tisa, nikaichana ya kumi. Nimejaza kila mstari mwenyewe isipokuwa sahihi, hiyo ni yako. Usinibishie juu ya niliyoandika, na usifute.

Wakifunga shule nakuja kumchukua aje ale Krismasi na mimi, Januari namrudisha. Na nimeandika barua kuomba kuhamia Dar, walau Kibaha. Wanaweza kunikatalia. Nitaandika tena.

Mdogo wako,
Ignasi


Ilala,
1 Desemba 2024

Ignasi wangu,

Marahaba. Njoo upesi, mtoto ameshafunga mzigo, ndani kuna dazani nne za vifungo anazowaletea watoto wako wa la tatu. Ameniambia nisikutajie, basi ukifika shangaa.

Fomu niliipeleka Ijumaa bila kuisoma. Niliona mwandiko wako nikaikunja haraka, sikutaka kujiaibisha kwa machozi mtaani. Mwalimu Mkuu akavaa miwani akawa anasoma kwa sauti. Jina la mwanafunzi. Jina la mlezi, Hyasinta. Makazi, Ilala. Kazi ya mlezi. Hapo akasimama. Akanitazama, akatazama mfuko wangu wa vifungo, akarudi kwenye karatasi.

"Mama, hapa imeandikwa Mwalimu."

 Nikasema moyoni, Ignasi, umeniua mbele za watu. Akauliza tena, kwa upole, "Unafundisha shule gani?"

 Mwalimu Nasma alikuwa kule pembeni anasahihisha madaftari, hata kichwa hakuinua.

"Hapa hapa," akasema. "Darasa la kwanza, kila Ijumaa."

Mwalimu Mkuu akavua miwani. Akanisogezea kiti, kisha kalamu, akanionyesha mahali pa sahihi. Nikakaa kitini, Ignasi, nikasaini jina langu lote, polepole.

Dada yako,
Hyasinta